Koti liliuzwa sokoni Kyangwali: tuliotoa na tuliopokea tuongee

MamaKwaya_Nsambya (mwanzilishi wa uzi)

Bwana asifiwe wapendwa. Jambo hili limenikaa kooni tangu Januari, na kwenye kikundi chetu cha WhatsApp limeshagombanisha watu, kwa hiyo nalileta hapa tusikie na wa nje.

Sisi ni ibada ya Kiswahili hapa Kampala, upande wa Nsambya. Wengi ni Wakongomani, wapo Waganda wawili watatu waliooa kwetu, na wazee waliostaafu jeshi ambao Kiswahili chao ni cha amri tu, lakini kwenye besi hakuna wa kuwashinda. Kila mwisho wa mwaka tunachangia ndugu walioko kwenye makazi ya wakimbizi. Mwaka jana tuliamua Kyangwali, wilaya ya Kikuube, kwa sababu tulisikia hali imekuwa mbaya baada ya mgao wa chakula kukatwa.

Tulikusanya kwa miezi miwili. Marobota 11 ya nguo, katoni 4 za Biblia za Kiswahili, sabuni za miche. Fuso peke yake tulilikodi kwa shilingi 1,200,000. Kumbukeni hiyo hesabu, nitairudia.

Tulipokelewa vizuri mno, kwaya, makofi, wamama wanalia. Mwinjilisti wa pale alikuwa na orodha ya washarika, kila familia inaitwa kwa jina, inachukua fungu, inapiga picha na sisi, inapita. Jioni tukageuza gari tukiimba. Siku nne baadaye mmoja wetu anatumiwa picha na jamaa yake: nguo zetu ziko chini sokoni, zimetandikwa kwenye turubai, zinauzwa! Kikundi kikawaka moto. "Wameuza sadaka." "Hawa watu hawana shukrani." Mmoja akaandika wasipewe tena.

Januari nilipanda basi hadi Hoima, kutoka hapo taksi hadi Kyangwali, peke yangu, bila picha wala kwaya. Nikamtafuta mama mmoja ambaye nilimkabidhi mimi mwenyewe koti zito la kiume, na nililiona kwenye ile picha. Ni mtu mzima kunipita. Nikamwamkia, akanipa kigoda, akanikaribisha maji. Nilitaka kuzunguka zunguka lakini yeye akaanza mwenyewe:

"Mwanangu, mlinipa koti. Ndani nilikuwa na mahindi niliyolipwa kwa leja-leja, vibarua vya shambani, na mashine inataka pesa. Wajukuu hawatafuni punje."

Alikuwa na kilo 30 za mahindi. Kusaga ni shilingi 150 kwa kilo, piga hesabu, 4,500. Koti aliliuza 6,000. Zilizobaki zikawa chumvi na kiberiti. Hakukuwa na kingine cha kueleza, tukanywa maji.

Nikiwa kwenye basi nikagawanya ile nauli ya Fuso kwa 4,500. Gawanyeni na nyinyi.

Jambo la pili ni la aibu zaidi. Nilimuuliza mwinjilisti mbona Jumapili ya tarehe 14 Desemba, siku ya gari letu, kanisa lilijaa hivyo na Januari viti vitupu. Akacheka, akasema wale ni "waumini wa robota". Habari ya gari ilipofika watu walihamia kwetu kutoka makanisa mengine ili majina yaingie kwenye orodha. Na jirani wa yule mama, Mwislamu, mjane vilevile, wanaokota kuni pamoja na kuazimana chumvi, yeye alisimama pembeni akitazama gari letu mpaka likamalizika.

Sasa naomba mawazo. Tunapanga safari nyingine. Tupeleke nini, na kwa nani?

---

Kijana_wa_Katwe

Mama shikamoo. Hilo koti lilikuwa la rangi gani?

---

MamaKwaya_Nsambya

Marahaba mwanangu. Kijivu, la sufu, zito. Kwa nini?

---

Kijana_wa_Katwe

Basi ni la marehemu baba. Alilinunua Bukavu kabla hatujakimbia. Hapa Kampala alikuwa analivaa Jumapili hata jua likiwaka, watu wanamcheka. Nililiweka miaka mitatu baada ya kumzika, nikalitoa Novemba kwa sababu mchungaji alihubiri tutoe kitu chenye uzito kwetu.

Na mimi ndiye niliyeandika wasipewe tena. Nisameheni, ila 6,000? Kwa koti lile?

---

Nyakato_Hoima

Pole kaka. Lakini na nyinyi, koti la sufu Kyangwali! Pale mtu anahitaji jembe na gambuti za mvua.

---

Shemasi_Maratatu

Nawasalimu katika jina la Yesu. Mimi ni mkimbizi, niko hapa hapa Kyangwali, kanisa lingine, si lile lililopokea gari. Mnisamehe Kiswahili changu, ni cha Ituri.

Sisi tulivuka ziwa Albert mwanzo wa 2018, vita ya Djugu ilipowaka. Tulipanda mitumbwi ya wavuvi, tukashukia Sebagoro. Watu walifika wengi siku moja kuliko maji na vyoo vilivyokuwepo, na mwezi wa pili kipindupindu kikaingia. Tulizika watu hapa kabla hatujajenga hata nyumba. Kanisa letu la kwanza lilikuwa turubai moja na miti minne, na ibada ya kwanza ilikuwa ya mazishi.

Nawaambia hayo ili muelewe ninachosema sasa. Wageni wanatuuliza shida zetu, sisi tunataja chakula, nguo, Biblia, kwa sababu tunajua wageni wanapenda kuleta hivyo. Hakuna anayesema jeneza. Lakini kwenye daftari la mashemasi wetu kitu kinachomaliza sadaka ni kilio. Mbao, misumari, kitambaa, chakula cha waliokuja kulia, na kama mtu amefia hospitali ya Hoima, gari la kumrudisha. Mwezi wa vilio viwili tunakopa. Cha pili ni nauli ya mgonjwa kwenda hukohuko Hoima. Cha tatu mashine, kama alivyosema mama.

Nguo za watoto zinahitajika, sikatai. Biblia pia, zetu zimechakaa na nyingine zilibaki ng'ambo. Ila mtu akiuza nguo msiseme hana shukrani. Ameibadilisha tu kuwa kile alichokuwa anahitaji, na kwenye kubadilisha amepata hasara, si nyinyi.

---

Afisa_Uwanjani

Nafanya kazi na shirika moja kwenye makazi ya magharibi, naongea kwa nafsi yangu tu.

Niwape picha ya chakula maana wengi mjini hawaijui. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, hakuna nchi ya Afrika inayoizidi. Mgao wa WFP, Shirika la Chakula Duniani, ulipunguzwa kwa 30% Aprili 2020 kwa sababu pesa za wafadhili hazikutosha, ukaendelea kushuka. 2023 watu wakaanza kupangwa makundi matatu kulingana na uhitaji. Mei 2025 WFP ikatangaza kwamba watu milioni moja wameondolewa kabisa kwenye msaada wa chakula Uganda. Familia iliyoonekana "inajiweza" ndiyo iliyotoka kwanza, na kujiweza kwenyewe wakati mwingine ni kuwa na kijana mmoja mwenye nguvu za leja-leja.

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na wengi hupewa kipande cha ardhi. Ni jambo zuri. Lakini kipande kinapungua kila wimbi jipya likifika, kwa hiyo mtu analima shamba la mwenyeji na kulipwa mahindi. Ndipo yule mama alipopata zile kilo 30.

Kuhusu orodha, mama, samahani nitasema wazi. Mlikosea. Mashirika mengi, yakiwemo ya Kikristo, yalikubali tangu 1994 mwongozo wa maadili wa Msalaba Mwekundu unaosema msaada unatolewa kwa kuangalia uhitaji, si dini, na usitumiwe kueneza dini. Na Uganda ina utaratibu kwamba 30% ya msaada unaoingia kwenye makazi iwafikie wenyeji wanaozunguka. Ukigawa kwa kadi ya ushirika, gari lako linaondoka saa kumi, ugomvi unabaki pale.

Halafu, mlipata kibali cha OPM, Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia makazi?

---

MamaKwaya_Nsambya

Kibali tulipata, mwinjilisti alitusaidia kumwona komandanti, mkuu wa makazi. Hilo la orodha ndilo linaloniuma, nimeshalikiri huko juu.

---

Mwalimu_wa_Neno

Afisa, heshima yako, ila kanisa si shirika. Paulo aliandika tuwatendee wema watu wote, *hasa* jamaa ya imani. Neno "hasa" hukuliona? Kanisa la Antiokia liliposikia njaa inakuja, lilituma kwa ndugu waliokaa Uyahudi. Halikutuma kwa Dola ya Rumi yote. Wakristo wa Makedonia waliwachangia watakatifu maskini wa Yerusalemu. Sasa Mkongomani wa Nsambya akimchangia Mkongomani mwenzake wa kanisani tunamwambia amevunja mwongozo wa 1994?

Na hao Waislamu wana misikiti na wafadhili wao, hatuwaoni wakitugawia sisi tende za Ramadhani.

---

Hajat_Bwaise

Mwalimu, mimi ni Mwislamu, nasoma tu uzi wa watu. Njoo Bwaise Ramadhani nikukaribishe futari, majirani zangu Walokole wanakula hapa kila mwaka. Usiseme usichokiona.

---

Mwalimu_wa_Neno

Nimepokea, Hajat. Niwie radhi kwa sentensi ile ya mwisho. Ya juu nabaki nayo.

---

Shemasi_Maratatu

Mwalimu, nimefungua hapo pa Antiokia. Soma walivyotuma. Kila mtu kwa kadiri alivyoweza, wakawapa Barnaba na Sauli wapeleke *kwa wazee*. Hawakwenda wote na Fuso kuita majina. Wazee wa kule walijua wenyewe mjane yupi hana moto jikoni.

Na mimi ni shemasi, nawaambia ukweli: mjane Mwislamu akiwa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mimi nimepewa unga wa jamaa ya imani tu, usiku nitamsikia mtoto wake akilia na huo unga hautapita kooni. Si mambo ya mwongozo. Ni nyumba ya tatu.

---

Msukuma_Mwanza

Wakuu nimekuja kusoma habari za koti nimekuta semina. Endeleeni, nimekaa na karanga zangu.

---

Mzee_wa_Mengo

Wanangu, niongeze kidogo, mniruhusu ukongwe wangu.

Hapa Uganda kila tukisema misheni tunafikiria mzungu. Wamisionari wa CMS, Waanglikana wa Uingereza, walifika kwa Kabaka Mutesa tarehe 30 Juni 1877, Wakatoliki wa White Fathers 1879, sawa. Lakini kabla yao, 1875, Stanley, yule mpelelezi Mzungu, alimwacha ikulu kijana Mwafrika, Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misheni ya Zanzibar, amsomee Mutesa Maandiko. Lugha iliyotumika? Kiswahili! Hata hao wamisionari wa mwanzo walianza na Kiswahili kabla Luganda hakijaandikwa vizuri. Leo Muganda akisikia Kiswahili anakumbuka askari wa Amin na kizuizi cha barabarani. Haya, hilo ni la siku nyingine.

Nilichotaka kusema ni hiki. Congo ya mashariki, sehemu ya Boga, ilihubiriwa na Muganda: Apolo Kivebulaya. Alivuka kwenda kule 1896 kupitia milima ya Rwenzori. Alipigwa. Dada wa chifu Tabaro aliangukia mkuki akafa, Apolo akasingiziwa, akafungwa na kupelekwa Fort Portal. Akaachiwa. Akarudi kulekule! Tabaro mwenyewe mwishowe akabatizwa. Apolo alikaa na Wambuti msituni, akawatafsiria Injili ya Marko kwa lugha yao, akafia Boga 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Congo, kinyume cha desturi, maana kazi ilikuwa bado huko.

Tena mnajua jina lake lilitoka wapi? Kivebulaya maana yake kitu kilichotoka Ulaya. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya koti la Kizungu alilokuwa akilivaa. Nimelikumbuka kwa habari ya huyu kijana wa Katwe.

Hakuwa na marobota. Alilima, akafundisha kusoma, akala walichokula. Sasa watoto wa wale aliowafundisha ndio wanaovuka kuja kwetu. Hilo nalitafakari sana nikiwa mwenyewe.

---

Kijana_wa_Katwe

Mzee asante. Sikujua.

---

Biashara_Mpondwe

Niko mpakani, Mpondwe, wilaya ya Kasese. Nyie mnazungumza makazi, sisi tunazungumza upande wa pili wa daraja. Januari 15, 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi, watu wako kwenye ubatizo, zaidi ya 10 wakafa. Kasindi ni hapo, wateja wangu wanatoka huko. Juni mwaka huohuo waasi wa ADF wakaingia sekondari ya Lhubiriha, upande wetu, wakaua wanafunzi 37. Kwa hiyo hapa hakuna cha "wao" na "sisi", msiba unavuka bila pasipoti.

Ninachojua kuhusu kutuma: tangu wakati ule kikundi chetu cha wamama wa soko hatutumi tena vitu. Nguo zikipita mpakani zinakuwa za biashara, utalipa ushuru na "chai" juu yake. Tunatuma pesa kwa mhasibu wa wamama wa kanisa kule, anaandika kwenye daftari, mwezi ujao tunasoma daftari kwenye simu kila mtu anasikia. Mara moja daftari lilipungua franki, tukauliza, akasema alimpa dereva wa boda aliyebeba mjamzito usiku. Tukamwambia vizuri.

Na kingine: picha. Kuna watu hapa wanapiga picha watoto wa jirani, wanawatumia wazungu kwenye Facebook wakidai ni kituo cha yatima. Mtoto ana mama yake, yuko anauza nyanya! Msipige watoto picha. Picha ikishatoka kwenye simu yako humjui baba yake mpya ni nani.

---

Nyakato_Hoima

Hilo la picha kweli tupu. Mpaka huku limefika.

---

Afisa_Uwanjani

Mama wa Mpondwe ameeleza kwa aya moja semina yetu ya siku tatu hotelini. Naongeza tu: pesa nazo zina lake. Wote wakipata pesa siku moja, bei ya unga pale sokoni inapanda kesho. Kwa idadi yenu ndogo haitatokea, lakini msitoe siku ya gulio.

---

MamaKwaya_Nsambya

Wapendwa nimesoma yote, mengine mara mbili. Jana tulikaa kikao cha kanisa, kikawa kirefu, mchungaji akafunga saa tatu usiku. Hayakuwa makubaliano ya wote, nisiwadanganye. Wazee wawili wanasema bila gari na kwaya watu hawatatoa, maana mtu anataka kuona mkono wake unafika. Wana haki, mimi mwenyewe Desemba niliona raha ile.

Tulipofika:

Nguo za watoto na gambuti tutachukua, robota moja tu, kwa basi. Biblia katoni mbili, Shemasi atatuambia kanisa gani hazina.

Pesa ya Fuso inaenda kwenye mashine. Nimeongea na mwenye mashine kwa simu, yeye ni mwenyeji, Mnyoro, mtu mwenye maneno machache. Amekubali kufungua daftari: familia ikileta mahindi inasagiwa mpaka kilo 20 kwa mwezi, anaandika, tunamlipa kila wiki mbili kwa simu. Wa kuingia kwenye daftari watachaguliwa na mashemasi wa makanisa matatu, mwanamke mmoja wa msikitini na mwenyekiti wa wakimbizi wa kijiji, na wenyeji maskini wamo. Mwalimu wa Neno alinipigia, tukaongea saa nzima. Hajakubali, lakini ametuma 50,000, akasema "hasa" yake ameiweka kwenye mfuko wa vilio wa mashemasi. Nikamwambia hata sisi tumeuchangia huo.

Picha hakuna. Kwaya itakuja siku nyingine, bila gari la msaada nyuma yake. Wazee wa besi wamenuna.

---

Mwalimu_wa_Neno

Nathibitisha. Na sijakubali.

---

Msukuma_Mwanza

Karanga zimeisha. Mama, mnapokea kutoka Tanzania? Nina elfu thelathini za kwetu.

---

MamaKwaya_Nsambya

Tunapokea baba, ubarikiwe. Nakuandikia ndani.

---

Shemasi_Maratatu

Nilipita kwenye mashine jana jioni kuona kama kweli yule Mnyoro ameshanunua daftari. Amenunua, na mistari ameshachora.

Nikakuta mlinzi wake wa usiku, mzee wa Kialuri, amekaa kwenye jiwe na koti la kijivu. Nikamuuliza amelipata wapi. Anasema alilinunua sokoni kabla ya mwaka mpya, usiku huku upepo wa ziwani unapanda na alikuwa anakesha na gunia mabegani. Nikamwambia linaulizwa Kampala. Akaogopa kidogo, akadhani ni la wizi. Nimemtuliza.

---

Kijana_wa_Katwe

Shemasi, tafadhali. Kifungo cha juu kikoje?

---

Shemasi_Maratatu

Nimerudi kuangalia. Vingine vyeusi, cha juu cha kahawia, kimeshonwa kwa uzi mweupe.

---

Kijana_wa_Katwe

Mama ndiye aliyekishona.

Mwambie mzee akae nalo. Ndani, upande wa kushoto, kuna mfuko ambao hauonekani, baba alikuwa anaweka miwani humo. Ajue upo.

Mama Kwaya, hilo basi la Hoima linaondoka saa ngapi?